Ukuta Mkabala na Dirisha la Aleida

Kwa miaka ishirini na sita Aleida Roosjen aliwaozesha watu wa mji wa Hoogwaard. Alikuwa karani katika ofisi ya vizazi na ndoa, na kila Ijumaa alivaa joho jeusi lenye kola nyeupe, akasimama mbele ya maharusi katika ukumbi wa jumba la mji, akawasomea kwanza sheria, kisha shairi. Sheria ilikuwa moja kwa wote. Shairi lilikuwa lao peke yao. Wiki mbili kabla ya harusi aliwaalika nyumbani, akawapa kahawa na biskuti moja kila mtu, akawauliza walikutana wapi, nani alianza kumpenda mwenzake, nani anakoroma. Hayo yote aliyapanga kwa vina na mizani, hata mashangazi waliokuja harusini shingo upande wakaondoka wanapangusa macho. Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi ilipokaribia, ambapo kila familia hutungiana mashairi ya utani, nusu ya mtaa walimbishia hodi awatungie.

Kwa hiyo baraza lilipotangaza kwamba Hoogwaard nayo itakuwa na mshairi wake rasmi, wa kuhudumu miaka miwili, na kila anayetaka atume mashairi yake kwa kamati, hakuna aliyejiuliza atakuwa nani.

"Bi Aleida, hawa wanaharibu karatasi bure," alisema Berthe Slagman, aliyekaa naye ofisi moja. "Wangekuja tu na shada la maua wakakupa, yakaisha."

Aleida alimwambia aache maneno yake. Lakini Jumamosi ile alikwenda kununua koti jipya la kijani, la kuvaa siku ya kutawazwa, akamwambia mumewe kwamba la zamani limechakaa. Alituma mashairi kumi, yamepigwa chapa, hayana kosa hata la nukta.

Jina alilisikia redioni, anamenya viazi. Mshairi wa kwanza wa mji wa Hoogwaard ni Jurre Haverkamp, umri miaka thelathini na minne, dereva wa gari la taka.

Koert, mumewe, aliyekuwa mlinzi wa malango ya maji ya mfereji kabla hajastaafu, alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio. "Si ndiye yule uliyemwozesha?"

"Nimeozesha nusu ya mji huu."

"Yule aliyekuja hapa na viatu vya kazi."

Hapo Aleida akamkumbuka. Ilikuwa miaka tisa nyuma. Jurre na Silke wake walikaa kwenye kochi lile lile la kahawia. Silke ndiye aliyesema yote, Jurre alikula biskuti yake taratibu na kutazama rafu ya vitabu. Hakuuliza kitu. Aleida aliendelea kumenya, na kiazi kilichokuwa mkononi kikabaki ukubwa wa jicho la ng'ombe.

Wahenga walisema hasidi hana sababu, lakini Aleida alikuwa na sababu zake, na alizipanga kama anavyopanga beti. Jurre hakuwa na vina. Hakuwa na mizani. Mstari wake mmoja ulikuwa mrefu kama treni ya mizigo, unaofuata una maneno mawili. Aleida aliyakata mashairi yake kutoka gazetini, akayasoma jikoni huku akihesabu silabi kwa vidole, na kila alipomaliza alisema neno lile lile: "Hii ni barua iliyokatwakatwa."

Shida ni kwamba mji haukuhesabu silabi. Lilipofunguliwa daraja jipya la baiskeli, Jurre alisoma. Mwezi Mei, wakati wa kuwakumbuka waliokufa vitani, mji mzima uliponyamaza dakika mbili, sauti iliyovunja ukimya ule ilikuwa yake. Kiwanda cha viatu kilipofungwa, wafanyakazi wenyewe ndio waliomwita, akasimama langoni kwenye mvua akawasomea, na watu wazima waliokaa humo miaka thelathini wakaondoka na karatasi ile imekunjwa mfukoni. Mwuza samaki wa sokoni, mtu ambaye Aleida alimwozesha yeye, dada yake na mwanawe, alimfungia samaki wake wa chumvi huku akimsomea mistari minne ya Jurre kwa kichwa.

"Wewe mwenyewe ungeipenda hii, Bi Aleida," alisema. "Wewe si unayapenda haya mambo ya mashairi?"

Unayapenda haya mambo. Aleida alirudi nyumbani na maneno hayo, na samaki hakulika.

Septemba wakaja mafundi wa rangi. Mkabala na dirisha la ofisi yake kulikuwa na ghala kuukuu la nafaka lenye ukuta mpana usio na dirisha hata moja, na baraza lilikuwa limeamua kwamba shairi la kwanza la mshairi wa mji liandikwe pale, kwa herufi kubwa nyeupe. Kazi ilichukua siku nne. Aleida alipandisha vyeti vya vizazi kwenye kompyuta, akiinua macho aliona herufi imeongezeka. Aliwaza kuhamisha meza. Lakini angeihamisha, Berthe angeuliza kwa nini.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, mafundi walibomoa jukwaa lao na ukuta ukabaki wazi mbele yake:

Kila Jumanne mnaniachia njiani
kiti kilichovunjika mguu, godoro la marehemu,
nami napita, nabeba, sisemi.
Mji ni mlango ambao mtu ameuacha wazi
ili mwenzake asibishe hodi.

Aleida alisoma hadi mstari wa mwisho. Maneno hayo aliyajua. Aliyasoma tena, na kila alivyosoma ndivyo alivyozidi kuyajua. Aliuona ukumbi wa jumba la mji, Silke na gauni lake la manjano, Jurre na viatu vyake, na akaisikia sauti yake mwenyewe ikitamka: mlango, wazi, mwenzake, hodi. Yalikuwamo katika shairi lao la harusi. Kijana yule alikaa kimya kwenye kochi lake, akasimama kimya mbele yake, kisha akaondoka na mstari wake, akaukalia miaka tisa, na leo amempandishia ukutani.

Kufikia saa sita hakuwa na shaka hata chembe. Jioni alimweleza Koert.

"Una hakika?" Koert aliuliza. "Karatasi yenyewe unayo?"

"Iko masjala, kule chini. Zote ziko kule."

"Basi ikatazame kwanza."

Alisema ataitazama. Lakini hakuitazama, maana mtu anayejua hana haja ya kutazama. Badala yake alikaa akaandika barua kwa gazeti la bure linalosambazwa Jumatano. Alisema kwamba mistari miwili bora ya lile shairi la ukutani imeibwa kutoka kwa mtunzi mwingine wa mji huuhuu, mtu wa siku nyingi, ambaye kwa upole wake amenyamaza. Chini akaandika: Msomaji Mpenda Haki. Akaendesha baiskeli hadi upande wa pili wa mto kuitia kwenye sanduku la posta la huko.

Gazeti likaitoa ukurasa wa tatu.

Mambo yalikwenda haraka kuliko alivyofikiri. Shairi la pili lilikuwa liandikwe karibu na kituo cha treni. Baraza likasimamisha kazi hiyo. Jurre aliitwa, akasema hajui wanazungumzia nini, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, wengi waliuona ukimya wake kuwa ni kukiri. Kwenye mzunguko wake wa Alhamisi, mtu mmoja alimwita kutoka kibarazani, "Jurre, na hiyo mistari uliiokota kwenye pipa la nani?" Utani huo ukapendeza. Kufikia Ijumaa ulikuwa umefika ofisini kwa Aleida, umesimuliwa na bwana harusi aliyekuja kutia sahihi. Aleida alicheka. Alicheka mpaka bwana harusi naye akaona labda umechekesha kuliko alivyodhani. Wiki ile alilala usingizi wa mtoto mchanga.

Jumatatu katibu wa baraza akatoa tangazo: aliye na ushahidi aulete kabla ya Ijumaa, la sivyo suala lifungwe.

"Sasa huyo mtunzi mpole si ajitokeze tu," Berthe alisema, anakoroga kahawa. "Anakaa kimya anangoja nini? Mimi ningekuwa na karatasi yangu ningeibandika kwenye mlango wa meya."

Saa ya chakula cha mchana Aleida alishuka masjala. Mafaili ya ndoa yalipangwa kwa mwaka, na yake aliyapanga mwenyewe, kwa hiyo hakuchukua dakika mbili. Haverkamp na Dozeman, tarehe kumi na nne Juni. Shairi lilikuwa na beti sita. Mlango ulikuwapo, katika ubeti wa nne, kama alivyokumbuka:

Fungeni mlango wenu, upepo usiingie,
Penzi lenu ndani mwenu, milele lijitulie.

Aliusoma ubeti ule. Akageuza karatasi, nyuma palikuwa peupe. Akausoma tena.

Alivuta kigoda akakaa. Kisha akajiambia kwamba huenda ni harusi nyingine, maana Jurre angeweza kuhudhuria harusi ya rafiki. Akatoa mafaili ya mwaka mzima, na kesho yake, saa ya chakula, akatoa ya mwaka uliotangulia na uliofuata. Alisoma mashairi yake mia na arobaini bila kula. Milango ilikuwamo mingi. Yote ilikuwa imefungwa. Palikuwa na mlango uliofungwa dhidi ya baridi, na mwingine dhidi ya majirani, palikuwa na pazia lililoshushwa na jiko linalowaka kwa wawili tu. Hakuwahi hata mara moja kuandika mlango ulioachwa wazi. Alikuwa ameusoma ukutani mstari ambao maisha yake yote alitaka kuuandika, na moyo wake, bila kumwomba ruhusa, ukaupeleka nyuma miaka tisa ukautia mdomoni mwake. Vina vyake vilikuwa safi, vyote, na mizani haikupungua. Ndicho kilichomliza, pale kwenye kigoda, si aibu. Aibu ilikuja baadaye, anapanda ngazi.

Jioni alimwekea Koert karatasi mbele ya sahani. Koert alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mama," alisema, "mwizi ni nani sasa?"

Alhamisi Aleida aliomba ruhusa, akaenda kwenye yadi ya magari ya taka saa nane mchana, madereva wanaporudi. Jurre alikuwa ndani ya buti za mpira, anaosha gari lake kwa mpira wa maji. Alipomwona aliyafunga maji.

"Bi Roosjen." Alikuwa na sura ya mtu asiyelala. "Kuna tatizo la cheti?"

"Ile barua niliiandika mimi."

Maji yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye magurudumu.

"Nilidhani mstari ni wangu," Aleida alisema. "Nimetazama. Si wangu. Sijawahi kuandika kitu kama kile."

"Kwa nini hukutazama kwanza?"

Njiani kote alikuwa ametayarisha maelezo marefu, yenye mwanzo, katikati na mwisho. "Kwa sababu niliutaka," alisema.

"Ukuta?"

"Mstari."

Jurre aliukunja mpira wa maji mara mbili mkononi, kisha akaukunjua. "Mama yangu ana miaka sabini na tisa. Lile shairi alilibandika chooni, pembeni ya kalenda ya siku za kuzaliwa, ili kila mgeni alione. Jumatano alilibandua. Hakuniuliza hata swali moja. Alilibandua tu."

"Nitakwenda kumweleza."

"Humjui mama yangu, atakufukuza na fagio. Nenda ukasemee palepale uliposemea. Kwa jina lako." Akafungua maji tena, na juu ya kelele ya maji akaongeza, "Na tafadhali, usinitungie shairi."

Barua ya pili ilikuwa na sentensi nne. Alijitaja jina na kazi, akasema kwamba mistari ni ya Jurre Haverkamp peke yake, kwamba aliyemsingizia ni yeye, na kwamba alifanya hivyo kwa wivu. Koert alimwambia neno la mwisho angeweza kuliacha, watu wangeelewa bila hilo. Aleida aliliacha mahali pake.

Mji mdogo hausahau upesi. Mkuu wa idara, mwanamke mpole, alimwita akamweleza kwamba maharusi wawili wameomba mtu mwingine, na kwamba ingekuwa vyema joho lipumzike. Lilipumzika moja kwa moja. Mwuza samaki alimhudumia bila neno, akapima kwa uangalifu kama anampimia mgeni. Berthe alinuna wiki nzima, kwa sababu alijiona naye amefanywa mjinga, kisha asubuhi moja akamwekea kahawa mezani na kusema tu kwamba imepoa kidogo. Ukuta ulikuwa palepale, mchana kutwa.

Kabla ya Krismasi walimhamishia kitengo kilichokuwa hakina mtu: mazishi ya wasio na ndugu. Mtu akifa Hoogwaard na hakuna wa kumdai, mji ndio unaomzika, na katika mkataba wa mshairi wa mji ilikuwamo kazi hii pia, asiyoijua mtu kwa kuwa hakuna anayekuja kuisikiliza: kumsomea marehemu huyo shairi lake kaburini. Kazi ya karani ni kumpatia mshairi habari za marehemu. Aliyepanga mambo hayo labda hakuwaza, au labda aliwaza sana.

Wa kwanza alikuwa Bwana Eelko Wiersma, fundi wa kurekebisha sauti za piano, miaka themanini na mmoja. Aleida alijaza ukurasa mmoja: alipozaliwa, alipofanya kazi, hakuoa, hana mtoto. Akautuma. Jibu la Jurre likaja saa hiyohiyo: "Hii ni ile ya sheria. Ile nyingine iko wapi?"

Aliyatazama maneno hayo muda mrefu, hakujua kama ni dharau au la. Kisha akavaa koti, akachukua funguo za nyumba ya marehemu. Alikaa mle saa tatu. Alihesabu suti, zote za kijivu, na katika mfuko wa kila moja palikuwa na kipande kidogo cha kitambaa kizito cha kunyamazisha nyuzi za piano. Alizungumza na jirani wa chini, ambaye alimweleza kwamba kila mwaka Bwana Wiersma alikuja kumtengenezea piano siku yake ya kuzaliwa, akakataa keki, kisha akaila jikoni akidhani haonekani. Aliuliza kama alivyokuwa akiwauliza maharusi. Usiku ule hakuandika, aliandika kesho yake, kurasa tatu, bila kina hata kimoja, na Jurre akajibu neno moja: "Asante."

Makaburini walikuwa wabebaji wanne, msimamizi wa mazishi, Aleida na Jurre katika suti iliyombana mabega. Jurre alisoma mistari kumi na miwili. Vile vitambaa vilikuwamo, na ile keki, lakini alikuwa amevifanya kitu ambacho Aleida hangeweza, hata angepewa mwaka: mmoja wa wabebaji, mtu mnene aliyezika mamia, alijikuta akitabasamu na kufuta pua kwa wakati mmoja. Na hapo, mbele ya kaburi la wazi, wivu ukamshika Aleida tena, mzimamzima, kama siku ya viazi. Alisimama nao mpaka shairi likaisha. Akatupa konzi yake ya mchanga.

Walipokuwa wakinywa kahawa katika chumba cha makaburini, Jurre alimsogelea.

"Mstari wa tano umerefuka, eti?"

"Wa sita," Aleida alisema.

"Nilijua kuna mmoja." Akachukua biskuti yake, akaenda kuzungumza na wabebaji.

Walizika pamoja watu kumi na mmoja kabla muda wa Jurre haujaisha. Hawakuwa marafiki. Aleida alipompa kurasa alimwambia "haya hapa," naye akamwambia "nimeona." Mara moja tu Jurre alimwambia kwamba mama yake amelirudisha shairi chooni, na Aleida akasema vizuri.

Miaka miwili ilipotimia tangazo likatoka tena. Berthe aliliweka mezani kwa Aleida, akarudi kwenye kiti chake kwa haraka. Aleida alituma mashairi matatu. Mawili hayakuwa na vina. Hakuchaguliwa. Alichaguliwa msichana wa miaka ishirini na mitatu anayefundisha kuogelea, na Aleida alikasirika kuanzia Ijumaa hadi Jumapili jioni, akamwambia Koert kwamba hao wazee wa kamati hawana masikio. Jumatatu asubuhi aliinua simu, akampigia mshairi mpya, akajitambulisha, akamwambia kwamba kuna bibi amefariki Mtaa wa Mfereji namba tisa, mshonaji, hana mtu, mazishi ni Alhamisi saa nne, na kwamba kurasa zake ziko tayari akitaka kuja kuzichukua.